Hans Keller

Hans Keller (Vienna, Austria, 11 Machi 1919 – London, Uingereza, 6 Novemba 1985) alikuwa mhakiki wa muziki wa klasiki, mpiga fidla, mwandishi na mtangazaji wa redio. Alizaliwa katika familia ya Kiyahudi, akakimbilia Uingereza mwaka 1938 akiwa kijana wa miaka 19, na tangu 1959 hadi 1979 alikuwa mtumishi wa Shirika la Utangazaji la Uingereza (BBC).

Anakumbukwa hasa kwa njia yake ya kuchambua muziki bila kutumia neno hata moja, kwa kutetea watunzi wa karne ya 20 wakati wengi hawakuwajali, na kwa ukali wa hoja zake. Jambo la pekee katika maisha yake ya kazi ni kwamba alikuwa mhakiki aliyeutilia shaka uhakiki wenyewe. Aliona kwamba mtu anayelipwa ili atoe hukumu juu ya kazi za wengine yumo katika hatari ya kusema asichokielewa, na alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kutafuta njia ya kuikwepa hatari hiyo.

Utoto na masomo ya muziki

Keller alikulia Vienna katika familia yenye uwezo. Baba yake alikuwa msanifu majengo. Muziki ulipigwa nyumbani na katika nyumba za marafiki, na tangu utoto alijifunza fidla. Baadaye alipiga pia viola, ambayo ni ala inayofanana na fidla lakini ni kubwa kidogo na ina sauti nzito zaidi.

Mtu aliyemwathiri kuliko wote alikuwa Oskar Adler (1875–1955), daktari na mpiga fidla. Adler alikuwa rafiki wa utotoni wa mtunzi Arnold Schoenberg, na ndiye aliyempa Schoenberg mafunzo yake ya kwanza ya nadharia ya muziki. Kwake Keller alijifunza muziki kwa kuupiga, hasa muziki wa kwarteti, yaani wa wapigaji wanne wa ala za nyuzi: fidla mbili, viola moja na cello moja. Katika kundi hilo hakuna kiongozi anayesimama mbele na kijiti. Kila mmoja hana budi kuwasikiliza wenzake watatu na kuamua pamoja nao.

Mazoea hayo yalijenga msimamo alioushikilia maisha yake yote: kwamba mtu huufahamu muziki kwa kuupiga na kuusikiliza kwa makini, na kwamba maelezo ya vitabuni huja baadaye.

Kukamatwa na kukimbilia Uingereza

Mwezi Machi 1938 Ujerumani ya Hitler iliivamia Austria na kuitwaa. Wayahudi wa Vienna walianza kunyang'anywa kazi, mali na haki za uraia. Novemba mwaka huohuo masinagogi yalichomwa moto katika Ujerumani na Austria, na maelfu ya wanaume Wayahudi wakakamatwa. Keller alikuwa mmoja wao. Alizuiliwa pamoja na wengine wengi, akapigwa, na hakujua kama angetoka hai.

Katika miaka ya 1970 alisimulia mambo hayo redioni, na masimulizi yake yakaingizwa katika kitabu alichokitoa mwaka 1977. Alieleza kwamba katika saa zile alijiwekea nadhiri: akinusurika, hatakuwa tena na huzuni wala hasira juu ya mambo madogo ya maisha. Waliomfahamu baadaye walimjua kama mtu mchangamfu, hata alipokuwa katika mabishano makali.

Aliachiliwa, na Desemba 1938 akafika Uingereza, ambako dada yake alikuwa akiishi tayari. Hata huko hakupata utulivu mara moja. Mwaka 1940 serikali ya Uingereza iliwaweka kizuizini watu wengi waliotoka Ujerumani na Austria kwa kuwaita raia wa nchi adui, ingawa wengi wao walikuwa wakimbizi waliomkimbia adui huyohuyo. Keller aliwekwa kambini katika kisiwa cha Man, akaachiliwa mwaka 1941.

Baada ya hapo alipata riziki kwa kupiga fidla na viola. Alicheza tena pamoja na mwalimu wake Adler, ambaye naye alikuwa amekimbilia Uingereza. Wakati huohuo alisoma sana maandiko ya Sigmund Freud na kuchunguza tabia za watu wanapokuwa katika vikundi. Alitaka kuelewa kwa nini watu ambao mmojammoja wana busara zao hufanya ukatili wanapokuwa kundi.

Kuanza uhakiki

Katika miaka ya 1940 Keller alianza kuandika kwa Kiingereza, lugha ambayo hakuzaliwa nayo. Mojawapo ya nyanja zake za kwanza ilikuwa muziki wa filamu. Mwaka 1947 alitoa kijitabu kilichodai kwamba filamu zinahitaji wahakiki wanaoujua muziki. Hoja yake ilikuwa rahisi: wahakiki wa filamu walitazama picha bila kusikiliza, na wahakiki wa muziki hawakwenda sinema, kwa hiyo watunzi wa muziki wa filamu, wazuri kwa wabaya, hawakupimwa na mtu yeyote.

Kuanzia 1949 hadi 1952 yeye na Donald Mitchell walihariri jarida la muziki lililoitwa Music Survey. Lilikuwa jarida dogo lakini lilijulikana kwa makala kali. Wahariri hao wawili waliwatetea hasa watunzi wawili, Arnold Schoenberg na Benjamin Britten. Wakati huo wakubwa wengi wa muziki Uingereza walimwona Schoenberg kuwa mgumu na asiye na hisia. Britten naye walimwona kuwa hodari mno kwa mbinu, kana kwamba umahiri ni dalili ya utupu. Keller alijibu kwamba wasemao hivyo hawakuwa wamezisikiliza kazi zenyewe. Mwaka 1952 Mitchell na Keller walihariri kitabu cha wataalamu mbalimbali juu ya kazi za Britten, na kitabu hicho kilizua mabishano mengi.

Keller alimtetea pia mtunzi Mgiriki Nikos Skalkottas, mwanafunzi wa Schoenberg aliyefariki mwaka 1949 bila kujulikana sana nje ya nchi yake.

Uchambuzi bila maneno

Kufikia katikati ya miaka ya 1950 Keller alikuwa amechoshwa na namna muziki unavyoelezwa kwa maneno. Aliona kasoro mbili. Kasoro ya kwanza ni ya maelezo yanayosimulia tu kile ambacho msikilizaji amekwisha kukisikia: sasa linaingia wazo la kwanza, sasa linafuata la pili. Kasoro ya pili ni ya maelezo yanayotumia lugha ya hisia, kama huzuni, dhoruba au mapambazuko, ambayo hueleza hali ya mwandishi kuliko muziki wenyewe.

Yeye alitaka kuonyesha jambo jingine. Kazi kubwa ya muziki huwa na mawazo yanayotofautiana: moja ni kali, jingine ni pole, sehemu moja ni ya haraka, nyingine ni ya taratibu. Hata hivyo msikilizaji huhisi kwamba yote ni mwili mmoja. Keller aliamini kwamba hisia hiyo ina sababu ndani ya nota zenyewe. Chini ya mawazo yanayotofautiana kuna wazo moja la msingi ambalo mtunzi amelificha, mara nyingi bila yeye mwenyewe kulijua. Mwaka 1956 alichapisha makala juu ya konserto ya piano ya Mozart yenye namba K. 503 ili kuthibitisha nadharia hiyo, na katika makala hiyo bado alitumia maneno.

Mwaka uliofuata aliyaacha maneno. Alichukua kwarteti ya Mozart katika D ndogo, K. 421, ya mwaka 1783, akaandika nota za vipande vifupi vya kupigwa kabla ya kazi hiyo, katikati ya sehemu zake na baada yake. Katika vipande hivyo aliyaweka mawazo ya Mozart kando kwa kando, akayapunguza, akayageuza na kuyaunganisha, ili sikio lisikie lenyewe kwamba wazo hili na lile ni ndugu. Wapigaji walikuwa walewale wanne wanaopiga kwarteti. Hakuna msemaji aliyeingilia kati. Uchambuzi huo ulirushwa hewani na BBC tarehe 7 Septemba 1957, katika Idhaa ya Tatu, iliyokuwa idhaa ya muziki, fasihi na mijadala ya kitaalamu tangu 1946.

Baada ya huo Keller aliandika chambuzi nyingine za aina hiyo juu ya kazi za Mozart, Haydn, Beethoven na wengineo, na baadhi zilirushwa pia na redio ya Ujerumani. Aliipa njia hiyo jina la uchambuzi wa kiutendaji, kwa sababu alitaka kuonyesha jinsi viungo vya kazi vinavyotenda kwa pamoja.

Njia hiyo ilipata wapinzani. Wengine walisema kwamba mtu akipunguza mawazo mawili yoyote kiasi cha kutosha, ataona yanafanana. Wengine walisema kwamba uchambuzi usio na maneno hauwezi kujibiwa, kwa kuwa hautoi hoja iliyo wazi. Keller alijibu kwamba anayetaka kuupinga na ausikilize. Kama sikio lake halikukubali, basi uchambuzi umeshindwa. Kwa njia hiyo aliliweka sikio la msikilizaji wa kawaida kuwa hakimu, badala ya cheo cha mhakiki.

Kinachotarajiwa na kinachosikika

Nadharia nyingine ya Keller ilihusu maana katika muziki. Alisema kwamba maana hutokea pale mtunzi anapoamsha matarajio kisha akayakatalia kwa namna yenye mantiki. Matarajio ndiyo usuli, nao hausikiki. Kinachosikika ni kile ambacho mtunzi amekiweka mahali pa kilichotarajiwa. Mvutano kati ya hivi viwili ndio unaompa msikilizaji hisia ya kuambiwa jambo.

Msomaji wa mashairi ya Kiswahili anaweza kulielewa jambo hili kwa mfano wa vina. Katika shairi la tarbia, msikilizaji akisha kusikia kina cha mwisho katika mshororo wa kwanza na wa pili, hukitarajia katika wa tatu. Malenga akileta kina hichohicho kwa neno ambalo hakuna aliyelitazamia, wasikilizaji hushangilia, kwa sababu matarajio yao yametimizwa na kushangazwa kwa wakati mmoja. Asiyezijua kanuni za vina hawezi kushangilia, kwa kuwa hakuwa akitarajia lolote. Kwa Keller, hapo ndipo ulipokuwa ugumu wa muziki mpya wa karne ya 20: watunzi wengi walikuwa wameziacha kanuni za zamani, na wasikilizaji hawakujua tena watarajie nini.

Kazi katika BBC

Mwaka 1959 William Glock alichukua uongozi wa idara ya muziki ya BBC akiwa na nia ya kuibadilisha. Katika mwaka huohuo alimwajiri Keller. Kwanza alisimamia vipindi vya mazungumzo juu ya muziki, baadaye muziki wa vikundi vidogo, kisha muziki wa okestra na kwaya, na mwishoni muziki mpya. Alishiriki pia katika kupanga matamasha yaliyorushwa kwa pamoja na redio za nchi mbalimbali za Ulaya.

Keller alikuwa pia sauti iliyojulikana hewani. Alizungumza Kiingereza chenye lafudhi ya Vienna, kwa sentensi ndefu zilizopangwa vizuri. Mada zake hazikuishia kwenye muziki: alizungumza na kuandika pia juu ya saikolojia na juu ya mpira wa miguu, mchezo alioupenda sana.

Kisa cha Piotr Zak

Tarehe 5 Juni 1961 Idhaa ya Tatu ilirusha kazi iliyodaiwa kuwa ya Piotr Zak, mtunzi kijana mwenye asili ya Poland. Ilikuwa kazi ya kanda ya sauti na ala za kugonga. Kwa kweli hapakuwa na mtunzi wa jina hilo. Keller na mpiga piano Susan Bradshaw walikuwa wameingia studio na kugonga ala ovyoovyo bila mpango wowote, huku wakirekodi.

Mara nyingi kisa hiki husimuliwa kana kwamba wahakiki waliisifu kazi hiyo. Sivyo ilivyokuwa. Wahakiki wa magazeti walioiandikia hawakuipenda. Hata hivyo waliipima kama kazi halisi, wala hakuna aliyegundua kwamba ilikuwa mzaha. Miezi michache baadaye ukweli ulielezwa katika kipindi ambamo Keller alijadiliana na wahakiki wawili waliohusika, mmoja wao akiwa rafiki yake wa zamani Donald Mitchell.

Watu wengine walikitumia kisa hicho kudai kwamba muziki mpya wote ni ulaghai. Keller, aliyekuwa mtetezi wa Schoenberg, hakukusudia hivyo. Swali lake lilikuwa hili: je, ingewezekana katika zama za Mozart mtu kugonga ovyo na kazi hiyo ikachukuliwa kuwa muziki mbaya tu, badala ya kutambuliwa kuwa si muziki? Kama leo inawezekana, basi lugha ya pamoja kati ya mtunzi na msikilizaji imedhoofika, na mhakiki asiyekiri jambo hilo anawadanganya wasomaji wake.

Mahojiano na Pink Floyd

Mwezi Mei 1967 Keller alionekana katika kipindi cha televisheni ya BBC akiitambulisha bendi changa ya Pink Floyd na kuwahoji wanamuziki wake wawili, Syd Barrett na Roger Waters. Aliwauliza kwa nini muziki wao una sauti kubwa mno, akaeleza kwamba yeye alikulia katika muziki wa kwarteti. Vijana hao walimjibu kwa utulivu kwamba wao wamezoea sauti hiyo. Filamu ya mahojiano hayo imehifadhiwa, na watu wengi wasiofuatilia muziki wa klasiki wanamjua Keller kwa dakika hizo chache tu. Wengine humwona kuwa mzee aliyepitwa na wakati. Hata hivyo alisema wazi msimamo wake unatokana na malezi yake, akawaachia watazamaji waamue wenyewe.

Mgogoro wa mabadiliko ya redio

Mwaka 1969 BBC ilitangaza mpango wa kugawa upya idhaa zake ili kila moja iwe na aina yake ya vipindi. Mwaka 1970 Idhaa ya Tatu iliondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na Radio 3, iliyojikita zaidi katika muziki. Wafanyakazi zaidi ya 100 wa BBC waliandika barua ya wazi gazetini kupinga mpango huo, na Keller alikuwa miongoni mwa waliokuwa mstari wa mbele.

Keller hakupenda mpango huo wa kila idhaa na wasikilizaji wake. Aliona kwamba ukimpa mtu anachokijua tayari, unamnyima nafasi ya kukutana na asichokijua. Redio ya zamani ilimwezesha mtu aliyewasha kwa ajili ya mchezo wa kuigiza akute kwarteti, au aliyengoja muziki akute mhadhara. Watetezi wa mabadiliko walijibu kwamba wasikilizaji wa Idhaa ya Tatu walikuwa wachache na gharama zake zilikuwa kubwa. Upande wa Keller ulishindwa, lakini alibaki kazini hadi alipostaafu mwaka 1979.

Mtazamo juu ya uhakiki

Katika kitabu chake juu ya uhakiki, kilichotolewa mwaka 1987 baada ya kifo chake, Keller alieleza kwamba kuna kazi alizoziita taaluma za uongo. Hizo ni kazi ambazo kwanza huunda tatizo, kisha hudai kulitatua na kushindwa. Uhakiki wa muziki aliuweka humo, ingawa ulikuwa kazi yake mwenyewe, na kazi ya mpiga viola pia, ingawa naye alikuwa mmoja wao.

Onyo lake kubwa lilikuwa juu ya furaha ya kuhukumu. Alisema kwamba wasomaji hupenda kuona mtu akishambuliwa, na mhakiki huonekana mwerevu zaidi anapolaumu kuliko anaposifu. Kwa mtu aliyewahi kuona mji wake ukigeuka kuwa kundi linaloshangilia mateso ya majirani, jambo hilo halikuwa dogo. Alishauri kwamba mhakiki asiyeielewa kazi anyamaze, na kwamba anayeelewa kosa aonyeshe pia jinsi lingeweza kurekebishwa. Wapo waliosema kwamba yeye mwenyewe hakulifuata shauri hilo kila mara, kwa maana alipowajibu wahakiki wenzake hakuwahurumia.

Miaka ya mwisho

Keller alimwoa mchoraji Milein Cosman (1921–2017), mzaliwa wa Ujerumani aliyekuja Uingereza kama mkimbizi. Cosman alijulikana kwa michoro ya wanamuziki wakiwa kazini, na mwaka 1982 michoro yake na maandishi ya mumewe juu ya Igor Stravinsky vilitoka katika kitabu kimoja.

Britten alimtunukia Keller kwarteti yake ya tatu, aliyoitunga mwaka 1975. Ilipigwa hadharani kwa mara ya kwanza Desemba 1976, wiki mbili baada ya kifo cha mtunzi.

Baada ya kustaafu Keller alijitolea zaidi kufundisha vijana kupiga kwarteti, pamoja na wanafunzi wa shule ya muziki ya Yehudi Menuhin. Aliugua ugonjwa wa neva unaodhoofisha misuli hatua kwa hatua, akafariki London mwaka 1985. Kitabu chake juu ya kwarteti za Haydn kilitoka mwaka uliofuata. Humo hakuandika kama hakimu bali kama mpigaji anayewaambia wapigaji wenzake jinsi ya kukikabili kila kipande.

Urithi

Nyaraka za Keller zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Cambridge. Insha zake zilikusanywa na kuchapishwa mwaka 1994. Uchambuzi bila maneno haukuenea kama alivyotumaini, kwa kuwa unadai mtu awe mhakiki, mtunzi na mpigaji kwa pamoja, na unahitaji pia wapigaji na redio iliyo tayari kuwalipa. Hata hivyo wachambuzi wa muziki bado hujadili maswali aliyoyauliza: kama umoja wa kazi ya muziki unaweza kuthibitishwa, na kama mtu anayeandika juu ya muziki anaandika juu ya kile alichokisikia.